Hikari au Simple and Clean: ubishi wa miaka kumi na mitano katika familia yetu

Aprili 2024, binamu yangu anayeishi Maskati alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini hivi. Hakusema neno. Ulikuwa wimbo tu, ameurekodi kutoka kwenye spika za gari lake, kiyoyozi kikivuma kwa nyuma. Mahadhi niliyatambua kabla sauti haijaingia. Sauti ilipoingia nilisimama palepale jikoni, mwiko mkononi, maana ilikuwa yenyewe na haikuwa yenyewe. Nikamwandikia, "Kaka, nani huyu kauimba upya?" Akajibu neno moja: "Mwenyewe."

Mwenyewe ni Utada Hikaru, mwimbaji wa Japani, na wimbo ni Hikari. Ulitoka Japani tarehe 20 Machi 2002, siku nane kabla ya gemu uliyotungiwa, Kingdom Hearts, kuingia madukani huko kwa ajili ya PlayStation 2. Miaka 22 baadaye, tarehe 10 Aprili 2024, Utada alitoa Science Fiction, mkusanyiko wa kuadhimisha miaka 25 ya kazi yake, na humo Hikari ni moja kati ya nyimbo tatu za zamani alizorudi studio kuziimba upya.

Binamu yangu na mimi tumebishana juu ya wimbo huu na mwenzake wa Kiingereza, Simple and Clean, tangu ujanani, na kila unapotoka kwa sura mpya ubishi unafufuka. Safari hii nimeamua kuuandika, kwa sababu nahisi hatimaye najua ninachokitetea.

Mwaka 2004 shangazi alikuja likizo Magomeni na wanawe kutoka Maskati. Ndani ya begi lao mlikuwa na PlayStation 2 iliyoviringishwa kwenye kanga mbili ili isigongwe njiani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, binamu yangu huyu, ninayemwita kaka, ana kumi na minne. Diski zilikuwa tatu, mbili za mpira wa miguu, na ya tatu ilikuwa na Donald na Goofy kwenye jalada, pamoja na watoto watatu chini ya mwezi wenye umbo la moyo. Tukaidharau, tukasema ya watoto wadogo. Mpaka usiku mmoja umeme ulipokatika mpira ukiwa katikati, ukarudi wakubwa wameshalala, na kaka akasema tujaribu ile nyingine kwa kuwa haina kelele za watangazaji. Tulipunguza sauti hadi ikabidi tukae tumeegemea runinga.

Inaanza na mvulana, Sora, anazama kwenye maji ya buluu amefumba macho. Halafu yuko ufukweni. Rafiki yake Riku amesimama ndani ya maji amempa mgongo, wimbi kubwa linainuka mbele yake, naye anageuka na kumnyoshea mkono Sora kana kwamba wimbi halipo. Sora anakimbilia ule mkono, maji yanawafunika wote wawili. Anaibuka, jua linatua, msichana anaitwa Kairi anampungia kutoka nchi kavu. Wakiwa wametulia nyota zinaanza kudondoka, na katika zinazodondoka Sora anajiona mwenyewe anaanguka kutoka angani. Chini ya yote haya unakimbia mdundo wa haraka, ngoma za kuchezea dansi, na juu yake sauti moja nyembamba, ya huzuni, isiyoendana kabisa na kasi ya zile ngoma. Sisi watoto wa pwani, tuliokwisha kuvutwa miguu na maji ya Kigamboni, hatukuhitaji kuelezwa maana ya mkono ule. Kaka alizima na kuwasha. Picha zile huja ukianza mchezo upya, basi tukaanza upya. Tukaanza upya tena. Nadhani tulianza mara saba usiku ule bila kucheza hata hatua moja.

Gemu yenyewe hatukuimaliza. Diski ilikwaruzika, ikawa inaganda kila tukikaribia mwisho. Ndiyo maana hatukujua kwamba huko mwisho wimbo unarudi, polepole, jinsi ulivyotungwa. Wa mwanzoni ulikuwa rimiksi. Tuliishi miaka na rimiksi tukidhani ndiyo wimbo. Na lugha yake ilikuwa Kiingereza, jina lake Simple and Clean.

Hikari nilikutana nayo mwaka 2009, kwenye intaneti kafe moja Kariakoo, nimelipia nusu saa na video inakatikakatika. Nilikuwa natafuta zile picha za ufukweni. Badala yake akatokea mtu anaosha vyombo.

Sitanii, video rasmi ya Hikari ndiyo hiyo. Hakuna visiwa wala nyota. Utada, miaka kumi na tisa, amesimama mbele ya sinki, kamera imetulia mbele yake, na picha haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Anasugua sahani. Mara anaimba, mara anafunga mdomo na kuacha wimbo uendelee peke yake huku mikono yake ikishughulika. Niliangalia nikiwa nimesahau kwamba dakika zangu zinahesabiwa. Nyumbani vyombo vya usiku vilikuwa zamu yangu, na sikuwahi kuona mtu yeyote maarufu akionyeshwa akifanya kazi ile, tena kwa utulivu, kama ni jambo linalostahili wimbo.

Nikampigia kaka jioni ile. "Kaka, kumbe miaka yote tunasikiliza tafsiri!" Akakasirika kwelikweli. "Tafsiri gani? Ule ndio wimbo. Huo wako ndio tafsiri."

Wote wawili tulikosea. Utada alizaliwa New York mwaka 1983, akakulia kati ya lugha mbili, na nyimbo hizi mbili kaziandika mwenyewe kila moja kivyake. Mahadhi ni yaleyale, maneno hayafuatani. Simple and Clean ni mazungumzo ya wapenzi wawili, mmoja anaondoka, mwingine anaomba asiachwe, na mambo madogo ya kila siku yanawachanganya. Kuhusu nuru haisemi kitu. Hikari inaanza na mtu aliyezoea kuishi peke yake bila kuiwaza kudra, ghafla anaamshwa usiku wa manane na mwanga. Baadaye kuna kusimama kimya mlangoni na kulielekeza giza nuru. Ukiijua gemu, ambayo yote ni mioyo, giza, na ufunguo mkubwa unaotumika kama upanga, utasema maneno haya yameandikwa na mtu aliyeshika pedi.

Lakini kilichonishika mimi si giza wala nuru. Katikati ya Hikari anamwambia mwenzake azime runinga amwangalie yeye tu. Fikiria wimbo uliotungwa kwa ajili ya gemu, ambao mamilioni wangeusikia kutoka ndani ya runinga, unakuomba uizime. Na mahali pengine anasema kesho bado iko mbali, hata yeye haijui, leo tule kitu kitamu. Niliposoma hayo, nikalinganisha tafsiri tatu za mashabiki kuhakikisha sijadanganywa, zile sahani kwenye sinki zikaniingia akilini. Wamekula. Sasa anaosha.

Kuna na jambo la jina. Herufi inayoandikwa kwa ajili ya Hikari, yaani nuru, ndiyo hiyohiyo inayoandika jina lake la kuzaliwa, ila huko inasomwa Hikaru. Ni kama mtu anayeitwa Nuru atunge wimbo auite Nuru. Kwetu wako akina Nuru wengi, na nadhani hakuna kati yao angefanya hivyo bila kumaanisha kwamba ndani ya wimbo huo yupo yeye mwenyewe.

Sasa, Kijapani sikijui. Ilikuwaje niwe upande wa wimbo nisiouelewa dhidi ya ule niliokuwa nauimba tangu utotoni? Kaka hunipiga kwa swali hilo kila mara, na jibu la kwanza limo kwenye daftari. Mwaka uleule nilinunua daftari la kurasa arobaini nikaandika Hikari yote kwa kusikia, herufi zetu, tahajia yetu. Nilipomaliza nikaona kitu cha ajabu: ukurasa ulionekana kama Kiswahili. Kurayami. Mirai. Hikari. Silabi karibu zote zinaishia na vokali, a, e, i, o, u kama tunavyozitamka sisi, na kila silabi imepata noti yake bila kubanwa. Mdogo wangu alilifungua akaanza kusoma kwa sauti, akaniuliza ni kabila gani hili. Kuimba Kiingereza siku zote nilijiona nalazimisha ulimi, konsonanti tatu mwishoni mwa neno na noti imeshapita. Hikari niliimba mara ya pili tu bila kujikwaa. Ulimi wangu ulikuwa nyumbani kabla akili yangu haijajua iko wapi.

Jibu la pili lilikuja kwa njia ndefu kidogo, kupitia gemu ya Kimarekani. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia, alioutunga Christopher Tin, ni Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulimpatia Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Nimewasikia watu wa mataifa mengi wakisimulia kwamba wimbo ule uliwaliza na hawajui neno hata moja. Mwanzoni nilitaka kuwasahihisha. Niliwahi kuangalia kwaya moja ya ng'ambo ikiuimba, mkazo unaangukia kusikostahili, maneno mengine yamemezwa nusu, na nikawa naivumilia kama unavyomvumilia mgeni anayekula ugali kwa uma. Halafu wakafika kwenye chakula chetu cha leo, na mama mmoja katika safu ya mbele akafumba macho. Hakujua anaomba chakula. Lakini alikuwa anaomba, uso wake ulikuwa unaomba. Nikaacha kuwa msahihishaji siku ile. Na nikawaza, bila shaka yupo Mjapani mahali fulani anayeniona mimi na daftari langu vilevile.

Tangu hapo maoni ya wasikilizaji wa nyimbo hizi mbili nimeyasikiliza kwa sikio jingine. Walio wengi nje ya Japani walianza na Simple and Clean, kwa kuwa ndiyo iliyowekwa kwenye gemu ilipouzwa Marekani na Ulaya, na wengi wao huapa kwamba Hikari inawasikika kama mtu kaiba mahadhi yao. Wajapani wengi huanzia upande wa pili: kwao Hikari ilikuwa wimbo wa redioni kwanza, ikakaa namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki Japani, watu wakaipenda bila kugusa gemu yoyote. Kati yao wapo wanaosema Kiingereza kinampa Utada uhuru wa kulalamika ambao Kijapani hakimpi. Wako wa rimiksi na wako wa polepole, na hao ndio wakali zaidi. Wa polepole wanasema ngoma zile zilifunika machozi. Wa rimiksi wanasema machozi bila ngoma zile hayaendi popote, yanakaa tu. Mimi hapo niko na wa rimiksi, moyo wangu hauna njia nyingine, ingawa ninapoosha vyombo huweka ya polepole.

Mara nyingi hoja inaishia kwenye "wewe ulikuwa wapi uliposikia kwanza", na kaka ni wa aina hiyo. Kwake wimbo ni ile kanga iliyofunga PlayStation, na bibi yetu amelala chumba cha pili. Simlaumu. Bibi alifariki mwaka 2006, na kaka hakuweza kuja kumzika. Lakini siamini kwamba kumbukumbu inatosha kuwa hoja. Kama ingetosha, tusingekuwa na haja ya kuusikiliza wimbo, tungeukumbuka tu.

Japani imezoea kuupa wimbo wa gemu heshima ya wimbo kamili, na hilo halikuanza na Utada. Mwaka 1999 Final Fantasy VIII ilikuja na Eyes on Me, muziki wa Nobuo Uematsu, ukaimbwa na Faye Wong, Mchina, kwa Kiingereza, ndani ya gemu ya Kijapani. Hakuna aliyeuliza wimbo huo ni wa nani. Ukauzwa kama singo na watu wakaununua.

Nyimbo nyingine za Utada kwa mfululizo huu nazipitia haraka. Passion na ndugu yake wa Kiingereza, Sanctuary, za Kingdom Hearts II, nazipenda kuliko ninavyoweza kueleza, hasa zile sauti zilizogeuzwa nyuma-mbele. Face My Fears ya mwaka 2019, aliyoifanya na wanamuziki Skrillex na Poo Bear kwa ajili ya Kingdom Hearts III, iligawanya watu vibaya, wengi wakisema wamesubiri miaka yote wapewe kelele. Nilikuwa mmoja wao na bado ni mmoja wao. Ila Chikai, ya mwisho wa gemu hiyohiyo, ni jambo jingine. Jaribu kuipigia makofi. Kinanda kinakuambia mdundo uko hapa, sauti inaingia inakuambia hapana, uko pale. Nilichukua jioni nzima kabla mikono yangu haijakubaliana na masikio. Mpigaji dumbaki wa taarabu, nadhani, angeipata mara moja na kutabasamu.

Narudi kwenye ile ya 2024, maana ndiyo iliyoniweka hapa kuandika. Kaka ameichukia. Anasema sauti ya zamani ilikuwa inatetemeka pembezoni, kama mtu anayeogopa kusikika, na sasa kutetemeka kumeisha. Kwa hiyo kilichompendeza kimeisha. Wapo wengi wanaosikia kama yeye. Wengine husema tofauti ni ndogo mno, muziki haujapinduliwa, basi kwa nini alijisumbua?

Mimi naona alijisumbua kwa sababu ya zile sahani. Mtu wa miaka kumi na tisa akisema kesho iko mbali, tule kitu kitamu leo, ni maneno mazuri, lakini kwake kesho kweli ilikuwa mbali. Mwishoni mwa 2010 Utada aliacha muziki akapumzika kwa miaka kadhaa. Mwaka 2013 mama yake, Fuji Keiko, aliyekuwa mwimbaji mkubwa wa enka, nyimbo za Kijapani za mtindo wa kizamani, alifariki. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akawa mzazi. Alirudi mwaka 2016 na nyimbo ambazo huwezi kuzisikiliza bila kumuona huyo mama. Halafu, akiwa na miaka 41, anasimama tena mbele ya maikrofoni na maneno yaleyale aliyoyaandika kabla ya yote hayo. Ile kesho ameshaifikia. Anajua ilikuwa na nini ndani. Na bado anasema tule kitu kitamu leo. Anapofika hapo, sauti haisukumi; anaishusha tu, kama mtu anayeweka sahani ya mwisho kwenye kabati bila kuigonga. Nimerudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Kutetemeka anakokulilia kaka kulikuwa kwa kweli, nami nilikupenda. Ila mtu akitetemeka vilevile miaka 22 baadaye angekuwa anaigiza, na Utada hajawahi kuniigizia.

Nilimwandikia kaka haya yote, karibu kwa urefu huu. Akajibu: "Sawa mdogo wangu, lakini bibi hayumo." Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli, hayumo.

Mwanangu ana miaka sita. Hikari hii mpya ameisikia jikoni mwezi mzima, na kiitikio anakiimba vizuri kuliko mimi, kila vokali mahali pake, akiwa amesimama kwenye kigoda na kunisaidia kusuuza vikombe. Yeye hajui kama kuna gemu. Jumapili iliyopita nikamwekea ile ya mwaka 2002 bila kumwambia kitu. Alisikiliza kimya mpaka kiitikio, mikono ndani ya povu, kisha akaniuliza, "Mama, huyu ni mdogo wake?"

Nikamwambia arudie, nikamrekodi, nikautuma Maskati. Baada ya robo saa simu ikalia. Sekunde arobaini, kiyoyozi kinavuma, Simple and Clean, ile yenye ngoma, na juu yake sauti ya kaka mwenyewe, anaimba.